Kisanduku cha Shahidi

Mwezi uliopita rafiki yangu alinijia na fomu. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa kimepotea, na sasa alitakiwa kuapa mbele ya wakili kwamba yeye ni yeye. Mimi niliyemjua tangu tukiwa sekondari nikaombwa niweke sahihi chini. Kalamu nilikuwa nimekwisha kuishika. Wakili akaisogeza karatasi, akagonga kidole juu ya mstari, akasema, "Hapa mama, penye shahidi." Mkono ukagoma. Rafiki yangu akanikodolea macho. Nadhani aliona nimeanza kutilia shaka kama kweli alizaliwa. Nikasaini, nikacheka, nikasingizia uzee. Uzee gani, na hamsini sijafika. Mkono wangu una habari yake na neno hilo, na habari yenyewe ilianzia Pangani nilipokuwa skauti.

Nyinyi wa rika langu mliopita skauti mtakumbuka skafu tulivyozipiga pasi ya mkaa mpaka zikanuka moshi, na salamu ya vidole vitatu tuliyompigia kila mtu, hadi muuza maandazi. Kundi letu lilikuwa la wavulana na wasichana ishirini na kitu. Viatu vilikuwa shauri la kila mtu na nyumba yake, lakini skafu wote tulikuwa nazo, na wote tuliugua ugonjwa mmoja, ugonjwa wa beji. Beji ya moto, beji ya mafundo, beji ya upishi, beji ya huduma ya kwanza. Mbwana, kiongozi wetu, alikuwa nazo tano kwenye mkono wa shati, na alikuwa na tabia ya kuzungumza na watu akiwa amewageuzia bega.

Aliyetufundisha alikuwa Mwalimu Yohana, mtu wa Mlalo, huko juu milimani Usambara. Alikuwa Mlutheri, mrefu, mwenye sauti nene ya kwaya, na bahari hakuizoea hata baada ya miaka mingi ya kuishi pwani. Aliitazama akiwa kivulini. "Mimi nimekulia kwenye mteremko," alikuwa akituambia. "Kwetu ukiteleza unaangukia kwenye kabichi. Nyinyi mkiteleza, mnaangukia wapi?" Tulicheka sana, lakini yeye alikuwa hatanii.

Kila skauti alikuwa na daftari la beji. Mwalimu Yohana aliyapiga mistari mwenyewe kwa rula, ukurasa mmoja kwa beji moja, na chini ya kila ukurasa akachora visanduku vitatu: Tarehe, Mtahini, Shahidi. Madaftari yote yalikaa ofisini kwake ndani ya debe la biskuti, kwa hiyo yalinuka biskuti, na mimi hadi leo nikifungua kopo la biskuti hunijia hofu ya mtihani. Ukifaulu majaribio ya beji, yeye aliandika tarehe, akaweka sahihi yake kama mtahini, na katika kisanduku cha tatu akapiga mstari mfupi, kwa kuwa alikuwa ameona mwenyewe. Mwisho wa mwezi alikwenda Tanga mjini na orodha, akampelekea fundi mmoja wa Makorora aliyezidarizi beji zetu kwa cherehani. Fundi yule alikuwa na mkono mwepesi ila hakuwa na macho ya kuchora. Sufuria ya beji ya upishi ilifanana na kofia ya polisi, nasi tuliipenda vivyo hivyo.

Sheria ya daftari ilikuwa moja tu. Daftari halifutwi. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke, na Mwalimu anasaini pembeni. "Anayefuta anaficha," alisema, "na skauti hafichi." Aliyasema hayo taratibu kila alipolifungua lile debe, nasi tuliitikia kwa pamoja.

Mimi nilikuwa na beji mbili, ya moto na ya mafundo. Ile ya mafundo alinipatia baba. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye pantoni inayovusha watu na magari mtoni, baina ya Pangani na Bweni. Yeye ndiye aliyezifunga kamba gatini na kuwaonyesha madereva kwa mikono wapi pa kusimama, na mji mzima ulimjua kama Omari wa Pantoni. Alinifundisha mafundo jikoni kwa kamba ya ndoo, akinifumba macho kwa kiganja chenye harufu ya grisi. "Fundo halitazamwi," alisema. "Lasikizwa kwa vidole." Kusoma alikujua kwa shida, alijifunzia ukubwani, lakini hakuna skauti aliyenishinda kwa kamba.

Beji niliyoitaka kuliko zote ilikuwa ya kuogelea. Mbwana peke yake ndiye aliyekuwa nayo, na hakuna msichana aliyewahi kuipata. Jaribio lilikuwa kuogelea na nguo zako kutoka mwambani hadi kwenye boya la dumu na kurudi, kisha kulala chali juu ya maji mpaka ihesabiwe mia. Hapo ndipo Mwalimu Yohana alipokwama. Alisema yeye atatahini kutoka nchi kavu, lakini ndani ya maji asimame mtu mzima anayejua maji, amwangalie mtoto kwa karibu. Nikamleta baba.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, maji yamejaa. Baba aliingia na shati lake mpaka maji yakamfika kifuani, na Mwalimu alisimama mchangani, suruali ameikunja magotini, filimbi mdomoni, akirudi nyuma kila wimbi lilipomkaribia. Niliogelea. Sikumbuki mengi ya kule kwenda na kurudi ila uzito wa sketi. Nakumbuka kulala chali, masikio ndani ya maji, na sauti ya baba ikihesabu kutoka mbali ingawa alikuwa kando yangu. Nilipotoka, alikuwa akicheka na kumwambia kila aliyepita ufukweni, hata wasiotujua, kwamba huyu ni mwanawe.

Mwalimu akalifungua daftari juu ya goti, akaandika tarehe, akasaini. Kisha akampa baba kalamu. "Jina lako hapa, Mzee Omari." Baba akaifuta mikono kwa mchanga mkavu, akatoa ncha ya ulimi, akaandika herufi kubwa moja moja kana kwamba anazichonga: OMARI KOMBO. Mimi nilikuwa nikitetemeka kwa baridi na furaha, nikaona jina la baba limekaa ndani ya kisanduku cha tatu, kile ambacho kwenye kurasa zangu nyingine kilikuwa na mstari tu. Daftari likarudi kwenye debe la biskuti.

Jumanne iliyofuata, alasiri, tulikuwa chuoni tukisoma Kurani. Maalim wetu alikuwa mzee mpole, mwenye kikohozi, ambaye bakora yake ilikuwa ya kuonyeshea herufi tu. Siku hiyo aliacha kusomesha akatuzungumzia watu wanaokufa kifo cha heshima. "Mwadhani shahidi ni yule wa vitani tu," alisema. "La. Mwenye kufa maji, huyo shahidi. Mwenye kufa kwa maradhi ya tumbo, huyo shahidi. Aloangukiwa na ukuta, shahidi." Leo najua alikuwa akitufariji. Mji ulioko baina ya mto na bahari unahitaji faraja ya namna hiyo, na wengi mle darasani walikuwa na mtu wao aliyechukuliwa na maji. Wenzangu waliitikia, wakaendelea kubembea na misahafu yao.

Mimi niliganda. Shahidi. Neno lile nililiona wapi?

Msiniulize kwa nini sikujua maana yake nyingine. Kwetu hakuna aliyekuwa amekwenda mahakamani, na kwenye ndoa sisi watoto tulikwenda kula pilau, hatukujua nani kakaa upande gani wa bwana harusi. Kushuhudia nilikujua, lakini kukuunganisha na shahidi akili yangu haikufika. Nililojua ni kwamba chini ya ukurasa wa kuogelea pameandikwa Shahidi, na mbele yake lipo jina la baba. Kwenye ukurasa wa moto palikuwa na mstari, kwenye ukurasa wa mafundo palikuwa na mstari, kwa sababu, niliona sasa, huko hakuna mtu wa kufa. Beji ya maji ilitaka mtu. Ndiyo maana Mwalimu Yohana hakutaka kuingia.

Bado nilijipa matumaini mpaka nilipomkumbuka Mbwana. Alipofanya jaribio lake, aliyesimama majini alikuwa mjomba wake. Na mjomba wake tulimzika baada ya mfungo. Nikamuuliza Mbwana kesho yake, kwa hila, eti mjomba alikuwa akiumwa nini. "Tumbo," akanijibu, akanigeuzia bega. Maji au tumbo, Maalim alikuwa amevitaja vyote viwili. Sikuwa na shaka tena.

Mtauliza kwa nini sikusema. Nyumbani kwetu kifo cha mtu mzima hakitajwi na mtoto. Maneno huumba, mama alikuwa akisema, na dada yangu Tatu aliwahi kufinywa paja kwa kuuliza tu nani atarithi kanga za bibi. Kumwambia mama kwamba baba atakufa maji kungekuwa ni kumsukuma baba kwa mkono wangu. Kwa hiyo nilifunga mdomo, nikabaki na hofu yangu peke yangu, na wala haikuwa ya ukubwa wangu.

Nilimzunguka baba kama inzi. "Baba," nilimuuliza akinywa chai, "wewe waweza kuogelea mpaka Bweni?"

"N'ogelee kwa nini, na pantoni ipo?"

"Ukitaka tu."

"Mwanangu, mimi maji nayavuka mchana kutwa. Nikitaka kitu, nataka kukaa."

Asubuhi moja nilivificha viatu vyake vya mpira nyuma ya gunia la mkaa, nikijua bila viatu hatokwenda kazini. Alivitafuta, akaguna, akaenda pekupeku. Hapo ndipo nilipoona nimefanya kubwa zaidi, kwa kuwa sakafu ya pantoni ni chuma, chuma hulowa, na mtu asiye na viatu huteleza. Nilivitoa nikakimbia navyo mpaka gatini, nikalia njia nzima, nikamrushia kutoka ukingoni mbele ya abiria. Baba alivaa, akauliza nani alivitia vumbi la mkaa. Shule nilichelewa, nikafagia uwanja peke yangu, na nilifagia kwa raha kwa sababu viatu alikuwa amevivaa.

Kuanzia hapo kila nilipotoka shule nilikaa juu ya ukuta karibu na gati na kumwangalia akienda na kurudi. Alipokuwa upande wetu nilipumua. Alipokuwa katikati nilisoma dua zote nilizozijua. Siku moja pantoni ilirudi, mlango ukashuka, magari yakatoka, na aliyewaelekeza alikuwa mtu mwingine. Nikamkimbilia mama mmoja aliyebeba tenga la machungwa.

"Shikamoo. Baba yangu yu wapi?"

"Marahaba. Omari? Kabaki Bweni, kuna maziko."

Nililolisikia ni maziko tu. Nilikaa chini palepale kwenye saruji ya moto na sikuweza kulia. Watu walinipita. Sijui ni muda gani, ila pantoni ilikwenda ikarudi tena, na baba akashuka akiwa na miwa miwili begani, amekwenda kuzika mzee wa watu wa huko na kurudi na zawadi. "Walia nini?" aliniuliza, kwa kuwa nilipomwona ndipo machozi yalipotoka. Nikamwambia jua. Akanivunjia kipande cha muwa. Nilikishika mkononi mpaka nyumbani.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Mwalimu Yohana alitugawia madaftari twende nayo nyumbani, tuhakiki herufi za majina yetu, kwa kuwa Jumamosi angekwenda Makorora kwa fundi. Nililichukua langu kwa mikono miwili. Mama alikuwa amekwenda kwa jirani kukuna nazi, Tatu alikuwa nje. Nikaingia chumbani nikaufungua ukurasa wa kuogelea.

Kifutio hakikufaa, ilikuwa kalamu ya wino. Nikatia mate, likawa doa la buluu. Nikachukua wembe wa baba wa kunyolea ndevu, nikaanza kukwangua, O, M, A, herufi zile alizozihangaikia, na kila herufi iliyotoka nilihisi nimemvuta hatua moja kutoka majini. Sheria ya daftari niliikumbuka vizuri kabisa. Niliisikia hata ile sauti nene ikiisema. Nikaendelea. Nilipomaliza karatasi ilikuwa nyembamba hivi kwamba nikiweka kidole nyuma nakiona.

Sasa palikuwa patupu, na hapo ndipo nilipobanwa. Kuacha patupu haikuwezekana. Mwalimu angemwita baba aandike tena. Kupiga mstari haikuwezekana. Alikuwa ameuona mkono wa baba ukiandika. Lazima pakae jina. Nilimfikiria Bi Mwanakombo, jirani aliyetuchomea mpira wetu kwa kisu ulipoingia uani kwake. Niliishusha kalamu nikaandika mguu wa kwanza wa M. Kisha nikamwona Bi Mwanakombo na kanga yake iliyofifia, akichota maji, hajui. Sikuweza. Nilimfikiria na Mwalimu Yohana, lakini yeye ana watoto, na tena maji anayaogopa. Mguu wa M ulikuwa umekwisha kuandikwa. Jina langu nalo linaanza na M. Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa mtihani: Mwanahamisi Omari.

Nikisimulia hivi watu huniambia nilikuwa shujaa. Sikuwa shujaa hata kidogo. Nilikuwa mtoto aliyekosa njia, na mara tu wino ulipokauka nilitamani kulifuta na hilo. Jioni ile nilioga kwa kata, maji kidogo kidogo, mbali na pipa. Nilimpa Tatu bangili yangu ya shanga. Aliigeuzageuza, akanitazama usoni, akauliza, "Waumwa?" Nikamwambia nimeichoka. Wakati wa kula baba alinisogezea kichwa cha samaki, kwa kuwa alijua nakipenda, na nilikila chote.

Ijumaa Mwalimu Yohana aliyapitia madaftari saa ya mapumziko. Alituma niitwe. Ofisini kulikuwa na lile debe, mfuniko uko pembeni, na daftari langu peke yake juu ya meza. Aliliinua, ukurasa ule ukaelekea dirishani, na mwanga ukapita pale nilipokwangua.

"Mwanahamisi, hili jina la nani?"

"Langu, Mwalimu."

"Mtu anajisimamia mwenyewe? Na hapa palikuwa na jina la nani?"

"La baba."

"Ulilitoa kwa nini?"

Nikalitazama lile debe. Alisubiri, na nilivyozidi kunyamaza ndivyo uso wake ulivyozidi kuwa mzito. "Kama uliogelea, ulikuwa na haja gani ya kufuta?" alisema. "Na kama kuna jambo linafichwa, basi na baba yako yumo." Akanyoosha mkono. Nilielewa. Nikaivua skafu nikampa, akaikunja kwa utaratibu akaiweka kwenye mtoto wa meza. Kisha akamtuma Mbwana akamwite baba kazini.

Habari za kunyang'anywa skafu zilikuwa zimefika uwanjani kabla yangu. Mtu aliniita mwizi wa beji. Iliniuma, lakini iliniuma kwa mbali. Lililonitia kiwewe ni kwamba baba anakuja, na akija ataulizwa, na akiulizwa atasema ukweli kwa kuwa hajui kusema kingine, na jina lake litarudi pale pale.

Baba alikuja na nguo za kazi, mikono myeusi ya grisi, kofia ameivua. Mbwana alibaki mlangoni. Baba na Mwalimu wakasalimiana, wakaulizana kazi, na baba akanitazama mara moja tu, kwa jicho la mtu aliyeambiwa njiani kwamba mwanawe ametenda aibu. Mwalimu akamwonyesha ukurasa. Baba akauangalia kwa muda mrefu, na sikujua kama anasoma au anatafuta jina lake.

"Mzee Omari," Mwalimu alisema, "mtoto huyu uliona kwa macho yako akiogelea?"

"N'liona. N'likuwamo majini. Wewe ndo ulokuwa nchi kavu."

"Basi wewe ndiye shahidi."

"Mimi ndiye shahidi," baba akasema, wazi, kwa sauti ile aliyowaamrishia madereva. Akanyoosha mkono kuchukua kalamu.

Nilipiga ukelele. Nilimrukia, nikamning'inia mkononi, kalamu ikaanguka ikabingirika chini ya meza. "Si yeye! Si yeye! Nishaandika mimi! Mimi ndiye, muache baba!"

"Wee! Una nini wewe?" Baba alinishika mabega. Hapo kila kitu kikanitoka bila mpangilio, maneno ya Maalim, kufa maji, mjomba wa Mbwana, tumbo, mistari kwenye kurasa nyingine, Bi Mwanakombo niliyetaka kumwandika nikashindwa. Nilimwomba Mwalimu aliache jina langu hivyo lilivyo. Nikamwambia nimekwisha kumpa Tatu bangili.

Mwalimu Yohana aliketi.

"Shahidi ni mtu aliyeona," alisema hatimaye, polepole. "Basi. Ameona, na anasema alichoona. Hafi." Kisha akajikuna kidevu, akasema kama anayejisemea, "Ingawa hata sisi kanisani tunao mashahidi wa namna ile ya Maalim. Neno ni hilo hilo. Sikuwahi kufikiri." Kule mlangoni Mbwana, bila kumgeuzia mtu bega, akasema, "Mjomba alikuwa akiumwa zamani. Kabla hata ya mimi kuogelea."

Nilijisikia mwepesi na mjinga kwa wakati mmoja, na nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu alifungua mtoto wa meza akanirudishia skafu, akaninyooshea hata pembe zake. "Skafu ni yako," alisema. "Lakini beji huipati mwezi huu. Ulifuta, na daftari halifutwi, hata kwa sababu kama hii. Nitafungua ukurasa mpya. Utaogelea tena." Nikasema ndiyo. Iliniuma, ila niliona ni haki, na mpaka leo naona ni haki.

Baba alikuwa amelichukua tena lile daftari, na kidole gumba chake cha grisi kimekaa juu ya pale penye wembamba. Akalisoma jina langu kwa silabi, kama walivyofundishwa watu wazima. Mwa-na-ha-mi-si. Akaniuliza, "Hili uliliandika, wajua utakufa wewe?"

"Ndiyo, baba."

Akaliweka daftari mezani kwa uangalifu, akavaa kofia, akatoka bila kumuaga Mwalimu, yeye ambaye hakupata kuondoka mahali bila kuaga. Nikamfuata. Tulikwenda hadi karibu na gati, yeye mbele, mimi nyuma, na nilidhani amekasirika. Kisha akasimama, akachuchumaa mbele yangu, macho yake mekundu, akanishika skafu kwa ncha zote mbili.

"N'sikilize," alisema. "Siku nyingine ukiliona jina langu mahali pa kufa, liache. Usilifute. Na lako usilitie. Mimi ndiye wa kutangulia. Wasikia?"

Nikamwambia nimesikia.

Baada ya wiki mbili, maji yalipojaa tena asubuhi, niliogelea mara ya pili. Niliogopa kuliko mara ya kwanza; kujua maana ya neno hakukuyafanya maji yawe madogo. Baba alisimama majini mpaka kifuani, akahesabu mpaka mia bila kuharakisha. Kisha akatoka, akafuta mikono, akapokea kalamu. Nilimshikia daftari mimi mwenyewe juu ya mapaja yangu yaliyolowa, nikamtazama akiandika herufi zake kubwa, moja baada ya moja, ndani ya kisanduku cha tatu, mpaka ya mwisho. Tone la maji lilidondoka kutoka nywele zangu karibu kabisa na jina lake. Ningeweza kupitisha kiganja, jina likafutika. Nikaliacha.